Radhi Isiyo na Kiima: Uhakiki wa Tamko la Abe la Mwaka 2015

Tunapofundisha kitenzi cha Kiswahili, jambo la kwanza tunalosisitiza ni kwamba aghalabu hakikamiliki bila kiambishi cha nafsi. Msemaji sharti achague: "tuliua", "waliua" au, akitaka kumficha mtenda, "waliuawa". Darasani hilo ni somo la mofolojia. Katika siasa ni suala zito zaidi, kwa kuwa aliyefiwa husikiliza kiambishi hicho kabla ya kusikiliza neno lolote lingine. Kwa mtazamo huo tunakusudia kuhakiki matini moja mashuhuri ya siasa za kihafidhina za Japani.

Tarehe 14 Agosti 2015, siku moja kabla ya kutimia miaka 70 tangu Japani itangaze kushindwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waziri Mkuu Shinzo Abe alitoa tamko lililoidhinishwa na baraza lake la mawaziri. Kabla yake walikuwa wametoa matamko ya namna hiyo Tomiichi Murayama mwaka 1995 na Junichiro Koizumi mwaka 2005. Kwa hiyo wasikilizaji wa Seoul, Beijing na Tokyo kwenyewe walikuwa wakingojea maneno manne: uvamizi, utawala wa kikoloni, majuto na kuomba radhi. Yote manne yalitajwa. Swali letu ni je, yalikaaje ndani ya sentensi?

Tuanze na Murayama. Huyu alikuwa msoshalisti aliyeongoza serikali ya mseto pamoja na chama cha kihafidhina cha LDP. Katika tamko lake Japani ndiyo kiima: ilifuata sera potofu, na kwa utawala wake wa kikoloni na uvamizi wake iliwatesa watu wa nchi nyingi, hususan za Asia. Kisha anaingia yeye mwenyewe kwa nafsi ya kwanza umoja na kwa njeo ya wakati uliopo: anajuta, anaomba radhi. Mtenda yupo, kitendo kipo na mwenye kuomba radhi yupo.

Kwa Abe mambo yanabadilika. Neno "uvamizi" linatokea kama nomino tupu, katikati ya orodha ya nomino nyingine, na linafuatwa na ahadi kwamba nguvu za kijeshi hazitatumiwa tena kutatua migogoro ya mataifa. Aliyevamia hatajwi hapo. "Utawala wa kikoloni" nao ni jambo ambalo ulimwengu unapaswa kuachana nalo milele. Ukoloni wa Japani nchini Korea hautajwi kwa jina. Ama radhi, inaelezwa kuwa Japani imekwisha kuionyesha mara kwa mara, na kwamba msimamo huo wa serikali zilizotangulia hautatikisika. Yaani badala ya "naomba radhi" tunapata "radhi imekuwa ikiombwa". Kuripoti kuwa radhi iliombwa si sawa na kuiomba.

Hata hivyo mhakiki hana budi kutenda haki. Tamko hilo si la kukana kila kitu. Linasema waziwazi kwamba Japani ilishika njia isiyo sahihi ikaelekea vitani, na kwamba iliwadhuru watu wasio na hatia. Linawakumbuka pia wanawake ambao utu na heshima yao vilijeruhiwa nyuma ya medani za vita, ingawa haliwataji kwa jina wanalojulikana nalo, "wanawake wa faraja", wala halisemi ni nani aliyewajeruhi. Rais Park Geun-hye wa Korea Kusini alisema kesho yake kwamba tamko lina upungufu, lakini akatambua ahadi ya kudumisha msimamo wa serikali za nyuma.

Sehemu inayotuhusu sisi Waafrika iko mwanzoni. Abe anaeleza kwamba ushindi wa Japani dhidi ya Urusi katika vita vya 1904 hadi 1905 uliwatia moyo watu wengi waliokuwa chini ya ukoloni, kutoka Asia hadi Afrika. Ni sifa tamu kuisikia. Lakini vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoifungulia Japani mlango wa kuifanya Korea nchi lindwa mwaka 1905 na kuitwaa kabisa mwaka 1910. Kilichomtia moyo mmoja kilimfunga mwingine minyororo, na tamko linamtaja wa kwanza tu. Tusikubali kutumiwa kama mashahidi wa upande mmoja.

Sentensi iliyojadiliwa zaidi ni ile inayosema kuwa watoto, wajukuu na vizazi vijavyo, ambao hawahusiki na vita, wasibebeshwe hatima ya kuendelea kuomba radhi. Hoja ina uzito: zaidi ya asilimia 80 ya Wajapani walikuwa wamezaliwa baada ya vita, na Abe aliongeza kuwa vizazi vyote vina wajibu wa kuitazama historia uso kwa uso. Lakini msemaji mwenyewe alikuwa mjukuu wa Nobusuke Kishi, aliyezuiliwa baada ya vita kama mtuhumiwa wa uhalifu wa kivita, akaachiliwa bila kushtakiwa, kisha akawa Waziri Mkuu mwaka 1957. Aidha, tarehe 26 Desemba 2013 Abe alikwenda kuhiji Yasukuni, hekalu ambalo miongoni mwa roho zinazoenziwa humo mna za wahalifu wa kivita 14 wa daraja la kwanza. Mtu huwezi kurithi heshima za babu ukayakataa madeni yake.

Je, haya ni mambo ya lugha tu? La hasha. Mwezi mmoja baadaye, Septemba 2015, bunge lilipitisha sheria zilizoruhusu majeshi ya Japani kuwasaidia washirika vitani katika hali maalumu. Agosti 2016, jijini Nairobi, Abe alitangaza sera ya "Indo-Pasifiki huru na wazi". Taifa linaloomba kuaminiwa na silaha zake hupimwa kwa namna linavyozisimulia silaha zake za zamani. Makubaliano na Korea Kusini ya Desemba 2015 kuhusu wanawake wa faraja yalikuwa na ombi la radhi la Abe mwenyewe pamoja na yeni bilioni moja, lakini waathirika hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 serikali iliyofuata Seoul ikatangaza kuuvunja mfuko ulioundwa. Safari hii kiima kilikuwapo. Waliosahauliwa ni watendwa.

Tarehe 1 Novemba 2023, huko Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu wa wenyeji wake. Fidia ni mjadala mwingine, ila sentensi ilikuwa na mtenda. Wahenga walinena: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Abe alisimama wima, akaeleza kuwa waliomtangulia walikwisha kuchutama. Tunawashauri wanafunzi wetu wa tafsiri walijaribu tamko hilo kwa Kiswahili. Watakapofika kwenye neno "uvamizi", wajiulize wangeweka kiambishi gani, na ni nani aliyewazuia kukiweka.