Adamu Ana Sura Gani?

Mimi si mhakiki wa Chuo Kikuu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani Ibighi, hapa Tukuyu, kuchuma chai na kuandika riwaya ambayo mpaka leo imo kwenye madaftari matatu. Lakini shuleni tulifundishwa kuhakiki kitabu kwa kutazama maudhui na fani, na naona hata makumbusho yanaweza kuhakikiwa hivyo.

Mwaka jana nilimsindikiza babu Dar es Salaam kutibiwa macho. Siku moja kabla ya kurudi nikampeleka Makumbusho ya Taifa. Babu ni mzee wa Kanisa la Moravian, lililofika kwetu Rungwe mwaka 1891. Nilitaka aone fuvu la Zinjanthropus, lile aliloligundua Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75.

Babu alilitazama kwa miwani yake mipya, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu si babu yangu." Akatoka nje, akaenda kukaa kivulini. Niliona aibu, nikadhani ni ushamba wa mzee. Baadaye nilisoma zaidi, nikakuta kwamba kwa hilo wataalamu wako upande wake: Zinjanthropus ni wa tawi la pembeni lililokwisha bila kuacha uzao. Aliyekosea ni mimi niliyekariri kwamba huyo ndiye baba wa watu wote.

Kisa hicho kilinirudia nilipoonyeshwa, kwenye simu ya rafiki, picha za makumbusho ya uumbaji yaliyoko Petersburg, jimbo la Kentucky, Marekani. Yalifunguliwa mwaka 2007 na Wakristo wanaoamini kwamba dunia ina miaka kama 6,000 tu. Humo Adamu na Hawa wamo bustanini, na dinosaria wanaishi pamoja na watu. Mwaka 2016 hao hao wakafungua safina ya Nuhu ya mbao, urefu wake mita 155 hivi. Sijafika huko na nauli sina. Nahakiki nilichokiona pichani.

Maudhui yake siyaafiki. Nyayo za Laetoli, zilizopatikana hapa hapa Tanzania mwaka 1978, peke yake ni za miaka kama milioni 3.6. Lakini kilichoniudhi zaidi ni fani. Mchonga sanamu hawezi kunyamaza. Lazima aamue Adamu ana rangi gani, pua gani, nywele gani. Babu alitusimulia habari za Edeni jikoni, mvua ya Tukuyu ikipiga mabati, na hakusema hata siku moja Adamu ana sura gani. Basi Adamu wangu alikuwa Mnyakyusa, analima migombani asubuhi ya ukungu. Kila mtoto pale jikoni alikuwa na Adamu wake. Hata jina Kyala, tunalomwitia Mungu, wamisionari walilikuta vinywani mwa wazee wetu. Habari ile iliingia kwetu kwa sababu iliacha nafasi ya kuingilia. Sanamu imeiziba.

Tena nauona woga. Nairobi, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kupinga mabaki ya Kijana wa Turkana, yaliyopatikana mwaka 1984, yasiwekwe mbele ya watu kama ushahidi wa asili ya binadamu. Mmoja anataka mifupa isogezwe pembeni, mwingine anajenga safina ya kushindana nayo. Imani ya babu haikuhitaji lolote kati ya hayo. Aliliona fuvu, akasema neno lake, akaenda kukaa kivulini.

Hata hivyo sitawapamba watu wa upande wangu. Mifupa isiyo na msimulizi haifiki moyoni. Shuleni tulipewa jina na mwaka, tukakariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba fuvu lile lilipatikana vipande vipande, likaunganishwa kwa subira kama chungu kilichovunjika. Hapo pana riwaya nzima, sisi tukapewa muhtasari. Vijana wenzangu tunaoandika, makosa yote mawili tunayo: ama tunamchonga mhusika mpaka msomaji hana la kuongeza, ama tunamwaga taarifa tukidhani ni hadithi.

Kwenye basi la kurudi, tulipokaribia Uyole, babu aliniuliza, "Hicho kitabu chako, fuvu lile litakuwamo?"

Nikajibu litakuwamo. Akatazama nje muda mrefu.

"Na mimi?"

Nikamwambia naye atakuwamo. Hajaniuliza tena, nami sura hiyo bado sijaiweza.