Bao la Oktoba, Kombe la Mei

Msimu wa 2023/24 wa Ligi Kuu ya Wanawake Uingereza ulimalizika kwa mistari miwili inayofanana juu kabisa ya msimamo. Chelsea: mechi 22, ushindi 18, sare 1, vipigo 3, pointi 55. Manchester City: mechi 22, ushindi 18, sare 1, vipigo 3, pointi 55. Ukiziba safu ya mabao kwa kidole, huwezi kujua bingwa ni nani. Ukikiondoa, unakuta Chelsea wamefunga 71 na kufungwa 18, City wamefunga 61 na kufungwa 15. Tofauti ya mabao 53 kwa 46. Kwa hayo saba ya ziada Chelsea walitwaa ubingwa wa tano mfululizo, na kocha wao Emma Hayes akaaga kwenda kuifundisha timu ya taifa ya Marekani.

Wengi waliusimulia msimu huo kama tamthilia ya mwezi Mei: kocha anayeondoka, timu inayoanguka, inainuka, inamaliza kwa kishindo cha 6-0 Old Trafford. Hakuna uongo hapo, ila ni usomaji wa kurasa za mwisho tu. Ligi ina umbo la ajabu. Huchezwa kwa tarehe, moja baada ya nyingine, lakini huhesabiwa bila tarehe yoyote. Bao la mechi ya pili na bao la mechi ya mwisho yana uzito uleule. Sisi watazamaji tunaishi ndani ya msuko, na taharuki zake na kilele chake. Msimamo haujui kilele ni nini. Misimu mingi mambo hayo mawili huenda sambamba na hatuoni mshono. Mwaka ule yalivutana mpaka mshono ukaonekana.

Tuanze Oktoba 8, raundi ya pili, City wakiwa nyumbani dhidi ya Chelsea. Chloe Kelly aliwapa City bao la mapema. Kabla ya mapumziko beki wao Alex Greenwood, aliyekwisha kuonyeshwa kadi ya njano, alisimama juu ya mpira wa adhabu zaidi ya sekunde 20 akitafuta wa kumpa. Mwamuzi akamtoa kwa kosa la kuchelewesha mchezo. Kipindi cha pili Lauren Hemp naye akala nyekundu. Wachezaji tisa waliosalia walizuia, wakazuia, na dakika ya sita ya nyongeza Guro Reiten akasawazisha. Timu iliyoadhibiwa kwa kuiba sekunde ikaporwa pointi mbili na sekunde zilizoongezwa.

Siku ile ilionekana tukio la kupita: ligi mbichi, watu wakabishana juu ya mwamuzi, wakasahau. Sasa liangalie kutoka mwisho. Bila bao la Reiten, City wangemaliza na pointi 57 na Chelsea 54, na hadithi yote ya Mei isingeandikwa. Ndiyo, kila msimu una mabao ambayo ukiyafuta hesabu hubadilika. Lakini hili lilifungwa na mmoja wa washindani wawili dhidi ya mwenzake, na lilibadilisha pande zote mbili za mzani kwa mpigo. Mwandishi wa riwaya angelitaja tena sura ya mwisho ili msomaji asilisahau. Ligi haikurudi kulitaja. Ililiacha pale pale Oktoba, likiendelea kuhesabiwa kimyakimya.

Katikati ya msimu nitapita haraka, kwa sababu wenyewe ulipita haraka. Novemba City walifungwa na Arsenal 2-1, kisha nyumbani na Brighton 1-0. Baada ya hapo walishinda mechi 14 mfululizo, ikiwamo ya Februari nyumbani kwa Chelsea, 1-0, bao la Khadija Shaw. Chelsea walimpoteza Sam Kerr kwa jeraha la goti Januari, na mwezi huohuo wakamnunua Mayra Ramírez, Mkolombia, kwa ada iliyovunja rekodi ya soka la wanawake Uingereza. Mhusika anayeingia katikati ya kitabu, tena kwa bei kubwa namna ile, haji kupamba ukurasa.

Utajiri wa msimu umo katika siku chache tu, mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. City waliifunga Bristol City 4-0 na kuishusha daraja rasmi, lakini katika mechi hiyohiyo Shaw, aliyekuwa na mabao 21 na aliyemaliza kinara wa wafungaji, akaumia mguu na msimu wake ukaishia hapo. Chelsea, waliotoka kutolewa na Barcelona katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, walisafiri kwenda kwa Liverpool Mei 1 na kufungwa 4-3. Hayes akatamka hadharani kwamba ubingwa umekwisha.

Watu wamepoteza wino mwingi wakijadili kama alikuwa anacheza na akili za wapinzani. Mimi silioni hilo kuwa swali la maana. Kilicho wazi ni kazi ambayo kauli yake ilifanya katika msuko: ilitoa mwisho wa uongo. Msimulizi mwenye mamlaka kuliko wote, anayejua chumba cha kubadilishia nguo kuliko sisi, alifunga kitabu mbele yetu. Hesabu ilikuwa upande wake pia. City walikuwa mbele kwa pointi sita huku Chelsea wakiwa na mechi moja ya kiporo, na tofauti ya mabao ilikuwa 46 kwa 38. Hata pointi zingelingana, kulikuwa na shimo la mabao manane.

Mei 5 shimo hilo lilifukiwa lote kwa siku moja. City waliongoza dhidi ya Arsenal kwa bao la Hemp hadi dakika ya 89, ndipo Stina Blackstenius akasawazisha, na dakika ya pili ya nyongeza akafunga la ushindi. Chelsea wakawafumua Bristol City 8-0. Siku ilipoisha, tofauti ilisomeka Chelsea 46, City 45. Ukisoma msimu kama tamthilia, Blackstenius ndiye aliyeugeuza. Ukiusoma kama msimamo, ni yale manane. Na mimi nakaa na yale manane, maana ndiyo yenye utata.

Kwa kawaida bao la sita, la saba na la nane dhidi ya timu iliyokwisha kushuka ni pambo. Halina ushindani, na kocha muungwana huanza kuingiza watoto. Siku ile kila moja lilikuwa na thamani ya kombe. Bristol City walimaliza msimu na pointi 6 tu. Ndani ya hadithi hii hawana sauti; wanatokea mara mbili, mara ya kwanza wakishushwa daraja na City katika mechi iliyomwondoa Shaw, mara ya pili wakiwapa Chelsea mabao yaliyokuwa yakikosekana. Ligi yenye pengo kubwa namna hii kati ya kileleni na mkiani huwageuza wanyonge kuwa ghala la mabao la wakubwa, na hapo ndipo naona umbo la msimu huu likitia doa uzuri wake.

Chelsea wakacheza kiporo na Tottenham, wakashinda 1-0 kwa bao la Maika Hamano. Siku ya mwisho, Mei 18, pointi 52 kwa 52, tofauti 47 kwa 45. Mechi mbili kwa wakati mmoja: ndivyo ligi inavyojaribu kutengeneza kilele chake. Haikufaulu. Old Trafford, Chelsea wakiwa wageni wa Manchester United, Ramírez alifunga kabla dakika ya tatu haijatimia, Johanna Rytting Kaneryd akaongeza, na mapumziko yalifika ikiwa 4-0. United walikuwa wamebeba Kombe la FA siku sita tu kabla, na walicheza kama watu waliokwisha kufunga mizigo. City walishinda 2-1 kwa Aston Villa, ushindi ambao haukumtisha mtu. Ni sura dhaifu yenye matokeo makubwa. Bao la sita la Fran Kirby, katika mechi yake ya mwisho kwa Chelsea, liligusa mioyo, lakini taharuki ilikuwa imezikwa zamani.

Kanuni yenyewe ya kutenganisha timu zilizolingana pointi inastahili kusomwa. Hispania timu zikilingana pointi huangaliwa kwanza mechi zao wenyewe kwa wenyewe. Kwa kanuni hiyo, sare ya Oktoba na ushindi wa Februari vingewapa City ubingwa. Hispania huamua kwa pambano la wawili. Uingereza huuliza umewatendaje wengine wote. Naona swali la pili linaendana zaidi na asili ya ligi, ingawa bei yake hulipwa na Bristol City wa kila mwaka.

Msimu uliofuata, chini ya Sonia Bompastor, Chelsea walicheza mechi 22 bila kupoteza hata moja, wakakusanya pointi 60 na kuwaacha Arsenal kwa 12. Kama kazi ya uwanjani ni bora kuliko ile ya Hayes. Kama matini, sijaona sababu ya kuirudia mara ya pili.