Lovanium: politiki ilifika mbele, wanafunzi walifika nyuma

Bandugu, kuna neno moja linazunguka kwa vyuo vyetu vya Kanisa, kutoka Bukavu mpaka Goma, kutoka Butembo mpaka Kinshasa: "Hapa ni kwa Kanisa, politiki uiache kule inje." Ukilisikia siku ya kwanza unaona ni neno la busara. Nani anataka vyama vije kugawanya wanafunzi, oditware kwa oditware? Na wale wanaolitetea wako na mfano mukubwa wa kuonyesha: Lovanium. Wanasema kilikuwa chuo cha imani na cha akili, kiisha wanafunzi wakaingiza politiki ndani, Mobutu akakasirika, Kanisa likanyanganywa kila kitu.

Ni hadithi tamu, na wazee wetu wanaipenda. Lakini tarehe zenyewe zinaikataa.

Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 juu ya mlima Amba, ikiwa mutoto wa Chuo cha Katoliki cha Louvain kule Ubelgiji. Mwaka ule ule serikali ya Ubelgiji ilibadilika, na wizara ya Makoloni ikashikwa na Auguste Buisseret, mutu wa chama cha Waliberali. Yeye hakupenda kuona shule za Wakongo zinabaki mukononi mwa bamisioneri peke yao. Akafungua shule za Leta. Kiisha Leta ikaanzisha chuo chake Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilichofungua milango mwaka 1956. Wabelgiji walikuwa na ugomvi wao wa Wakatoliki na Waliberali juu ya shule, wakaubeba mpaka kwetu kama mutu anayehama na vitu vyake vyote, hata vile vilivyovunjika. Waprotestanti nao wakafungua chuo chao Kisangani mwaka 1963. Angalia ramani: Katoliki Kinshasa, Leta Lubumbashi, Protestanti Kisangani. Ile ramani haikuchorwa na wanafunzi. Wengi wao wakati ule walikuwa bado wanakaa ku bansi ya shule ya musingi.

Kwa hiyo mutu akiniambia kwamba utambulisho wa dini wa chuo ni kitu safi, na politiki ni uchafu unaotoka inje, ninamuuliza: inje ya wapi?

Lakini tusiwe watu wa kubomoa tu. Lovanium ilikuwa na mambo makubwa kweli. Mwaka 1959 ilipata reaktari ya nyuklia, ya kwanza katika Afrika nzima. Kwangu mimi lakini jambo kubwa zaidi ni la Januari 1960. Mwanafunzi mumoja wa teolojia, Tharcisse Tshibangu, alisimama mbele ya mukubwa wa fakulte yake, profesa Alfred Vanneste, wakajadiliana wazi: je, teolojia ya rangi ya Kiafrika inawezekana? Vanneste alijibu kwamba teolojia, kama ni elimu ya kweli, inapaswa kwanza kuwa ya watu wote. Tshibangu alishikilia kwamba namna Mwafrika anavyofikiri na kuona dunia inaweza kuzaa teolojia yake. Lile jadiliano lilichapishwa, likasomwa mbali, na mpaka leo ukisoma historia ya teolojia ya Afrika utalikuta. Mwanafunzi hakufukuzwa. Mwaka 1967 ni yeye aliyekuwa Mukongo wa kwanza kuwa rekta wa Lovanium, nyuma ya Mgr Luc Gillon, na baadaye akawa askofu.

Hapo ndipo chuo cha Kanisa kilikuwa cha Kanisa kweli. Imani yake haikupungua kwa sababu mwanafunzi ameiuliza swali gumu. Iliongezeka. Na lile swali, tusijidanganye, lilikuwa la politiki pia: miezi tano mbele ya uhuru, Mukongo anamuuliza Mubelgiji kama akili yake inaweza kumufikia Mungu kwa njia yake mwenyewe.

Shida ni kwamba ule ruhusa uliishia ku mulango wa teolojia. Ungeweza kuuliza Mungu ni wa nani, usingeweza kuuliza chuo ni cha nani. Machi 1964 wanafunzi waligoma. Walidai uongozi uwe wa Wakongo zaidi, na wanafunzi wapate sauti pale mambo yanapoamuliwa. Soma vizuri: hawakudai Kanisa liondoke. Walidai kiti. Walipata maneno mazuri na mabadiliko kidogo, na ilibidi waongoje miaka tatu kumuona rekta Mukongo. Wakati ule umoja wao, UGEC, uliozaliwa mwaka 1961, ulikuwa umeanza kuzungumza na Mobutu, kiisha kumupinga, mpaka ukafungwa kwa amri.

Tarehe 4 Juni 1969 walishuka kutoka mulimani kuelekea muji, wakidai burse iongezwe na wapewe nafasi katika uongozi wa chuo. Jeshi liliwapiga risasi. Leta ilitangaza hesabu ndogo ya wafu, wanafunzi walihesabu wengine wengi. Juni 1971, walipotaka kuwalilia wenzao, Lovanium ilifungwa na wanafunzi wake wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Agosti ya mwaka ule Mobutu akaunganisha vyuo vyote vitatu kuwa kimoja, kile tunachokijua kama UNAZA. Rekta wake? Tshibangu yule yule. Ninaandika hili bila kumuhukumu. Ninataka tu tuone vile kiti cha Kanisa na kiti cha Leta vilivyokuwa karibu karibu, mpaka mutu mumoja anaweza kutoka hiki na kukaa kwa kile.

Sasa angalia tarehe pembeni kwa pembeni. Kanisa lilipoteza Lovanium Agosti, miezi miwili tu nyuma ya wanafunzi kuvalishwa nguo za jeshi. Wale wangeweza kupiga kelele walikuwa kambini. Na hata kama wangekuwa kampusi, wangetetea nini? Chuo ambacho kwa miaka saba kiliwaambia kazi yao ni kusoma na kusali?

Kuna wale watasema Mobutu angechukua tu, kwa kelele ao bila kelele. Inawezekana. Alikuwa na bunduki. Lakini angalia aliweka nini pale alipotoa msalaba. Hakuweka chuo kisicho na dini. Aliweka dini ingine. Vijana wa chama, JMPR, wakaingia mpaka seminari. Kardinali Malula alipopinga mwaka 1972, alitolewa ndani ya nyumba yake, akaenda kukaa Roma kwa miezi. Mwaka 1974 fakulte za teolojia zikatolewa inje ya UNAZA, Noeli ikaacha kuwa sikukuu ya Leta, na waziri Engulu akamulinganisha Mobutu na Masiya. Chuo kikikatazwa politiki ya wanafunzi, nafasi haibaki wazi. Politiki ya mwenye nguvu inakuja kukaa pale, na inaleta katekisimu yake.

Turudi kwetu leo. Mwaka 1977 Leta ilirudishia makanisa uongozi wa shule zao, lakini mlima Amba haukurudi. Ni Chuo cha Kinshasa, cha Leta. Wakatoliki walianza upya na ile teolojia iliyofukuzwa, na mwaka 2009 ikawa Chuo cha Katoliki cha Congo. Upande wa mashariki tuko na ULPGL ya Goma, UEA na UCB za Bukavu, UCG ya Butembo, na zingine. Makanisa hayajawahi kuwa na vyuo vingi namna hii. Na maaskofu wenyewe hawakunyamaza: ni wao waliokalisha wanapolitiki pamoja kwa mapatano ya 31 Desemba 2016. Mwaka mumoja baadaye Wakatoliki walei waliandamana Kinshasa wakitoka misa, na kati ya walioitisha alikuwa profesa Isidore Ndaywel, mwana-historia ambaye vitabu vyake tunavisoma wote. Risasi ziliwafuata mpaka ndani ya maparokia.

Kwa hiyo Kanisa likisema juu ya uchaguzi, linaitwa sauti ya unabii. Profesa akiandamana, ni mulei mwenye zamiri. Mwanafunzi wa chuo cha Kanisa lile lile akiuliza minervale inaenda wapi, ameleta politiki. Hapo ninashindwa kuelewa, na sijapata mupe wa kunielezea vizuri.

Woga wa viongozi ninauelewa. Kwetu Kivu, komite ya wanafunzi ikichaguliwa, mara mingi watu wanahesabu kabila mbele ya kusikiliza programu. Vyama vinatuma pesa. Rekta anayeona vile anafunga mulango, na mimi pengine ningesikia kishawishi kile kile. Lakini kabila halifukuzwi na kimya. Linafanya kazi vizuri sana ndani ya kimya, juu pale hakuna anayelazimishwa kusema wazi anataka nini. Mutu akilazimika kusimama mbele ya oditware nzima kutetea hesabu za komite, jina la kijiji chake halimusaidii sana.

Kile wanafunzi wa 1964 walikidai kilikuwa kidogo na kilikuwa wazi: kiti ndani ya baraza, na haki ya kuona vile mambo yanaamuliwa. Haikuhitaji chama, haikuhitaji kutoa msalaba ku ukuta. Ni miaka zaidi ya 60 sasa. Wewe unayesoma, ao uliyemaliza juzi, tuambie hapa chini: kwa chuo chako cha Kanisa, mwanafunzi anakaa ndani ya baraza la uongozi? Ana kura, ao anaitwa tu kusikiliza? Kama sheria ya chuo inaandika kitu juu ya hilo, tutumie kile kipande vile kilivyoandikwa.