Heko kwa Walimu wa Sanduku la Kura
Pongezi ziwaendee walimu wa Kanada wanaoendesha Student Vote, uchaguzi wa mazoezi ulioanzia mkoani Ontario mwaka 2003. Wanafunzi husoma sera za vyama, huwapima wagombea halisi wa jimbo lao, kisha hupiga kura. Wao wenyewe ndio makarani na wasimamizi: hutoa karatasi, hulinda sanduku, huhesabu na kutenga kura zilizoharibika. Katika uchaguzi mkuu wa 2019 walishiriki zaidi ya milioni 1. Matokeo yao hayatangazwi mpaka vituo vya watu wazima vifungwe, yasije yakawashawishi wapiga kura. Hayampi mtu ubunge, lakini samaki mkunje angali mbichi: aliyewahi kuhesabu kura shuleni hababaishwi na kituo akifikisha miaka 18. Kongole, walimu!