Nakala Moja Ilale Nyumba Nyingine

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, katika eneo bunge la Rongai. Zaidi ya watu 40 walifariki. Nyumba zilifagiliwa, na kila kilichokuwa ndani yake, vyeti na picha za familia vikiwemo, kikaenda na matope. Naikumbuka Solai kila ninapoombwa kuokoa mafaili ya mtu.

Safari hii alikuwa mwalimu mstaafu hapa Rongai, simu yake imejaa, haipokei hata picha moja zaidi.

“Mwalimu, picha za harusi ya binti yako ziko wapi?”

“Si ziko kwenye WhatsApp?”

Zilikuwepo, lakini angalia jina la mojawapo: IMG-20190412-WA0007. Tarehe hiyo ni ya siku picha ilipofika kwenye simu, wala si siku ya harusi. Tena WhatsApp huibana picha ili isafiri haraka. Ukiikuza, nyuso zinafifia. Kwa hiyo kabla ya kunakili chochote tulimpigia binti, akanitumia mimi upya picha zile zile kama hati, si kama picha. Zilifika na ukubwa wake wote. Hatua hii ndiyo wanaoanza huiruka, wakahifadhi kivuli huku picha halisi ikiozea kwenye simu ya mtu mwingine.

Kuchagua kulituchukua asubuhi nzima. Salamu za asubuhi na video za vichekesho tulizifuta. Vilivyobaki tulivipanga kwenye folda zinazoanza na mwaka, kisha mwezi: “2019-04 Harusi”, “2020-11 Hati ya shamba”. Ukianza na mwaka, kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano.

Kisha nakala. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Tulinakili kwenye flashi mbili na kwenye akaunti ya Google ya mwalimu. Hapo nilimtahadharisha. GB 15 za bure hugawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inayopandishwa huhesabiwa humo. Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Na ukifuta picha ndani ya programu ya Picha za Google, inaondoka mtandaoni na kwenye simu pia. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60, basi. Wengi wamepoteza picha hivyo wakidhani wanapunguza mzigo wa simu.

Hatukuamini neno “imekamilika”. Tulilinganisha idadi ya mafaili pande zote mbili, tukafungua kadhaa ovyo ovyo. Flashi nayo huchoka ikiachwa miaka bila umeme, kwa hiyo itachomekwa kila Desemba na kukaguliwa.

Flashi ya kwanza ilibaki kwa mwalimu. Ya pili, iliyofungwa kwa neno la siri kwa sababu ina kitambulisho na hati ya shamba, ilipanda matatu kwenda kwa dada yake Nakuru mjini.

Kama yako inalala droo moja na simu, itafutie nyumba nyingine Jumamosi hii.