Nani Anamiliki Laini Namba 125?

Xen, haipavaiza inayogawanya mashine moja kati ya wageni kadhaa, inapogoma kuwaka kwenye bodi ya Raspberry Pi 4, mstari wa mwisho kwenye konsoli husema tu kwamba Dom0, yule mgeni wa kwanza anayesimamia mashine, ameshindwa kuundwa. Matoleo mengine huongeza namba, hasi 16. Wengi huanza kusaka kosa hapo hapo: wanabadilisha keneli ya Dom0, wanaiongezea kumbukumbu, wanapakua mafaili upya. Lakini 16, katika desturi ya Unix, ni msimbo wa kitu ambacho tayari kinatumika, na ushahidi wenyewe umeandikwa mistari michache juu yake, ambako Xen inaeleza kwamba katizo namba 125, yaani laini ambayo kifaa huitumia kuiita prosesa, limeshachukuliwa na Xen yenyewe. Naona ujumbe huo unapaswa kusomwa kama mgogoro wa umiliki, si mgogoro wa namba. Anayeuona kuwa wa namba atatafuta namba nyingine ya kutumia, wala hataipata, kwa kuwa waya umeshachongwa ndani ya chipu. Anayeuona kuwa wa umiliki atauliza laini hiyo apewe nani, na swali hilo lina jibu.

Hata hivyo namba zinahitaji kueleweka kwanza, maana ndizo zinazowapoteza watu mapema. Bodi hii hubeba chipu ya BCM2711 ya Broadcom, na ndani yake kidhibiti makatizo cha GIC-400 kilichobuniwa na ARM. GIC hugawa namba zake kwa mafungu: 0 hadi 15 ni za viini vya prosesa kuitana vyenyewe kwa vyenyewe, 16 hadi 31 ni za kila kiini peke yake, na kuanzia 32 kwenda juu ni za vifaa, ambazo zinaweza kupelekwa kwa kiini chochote. Mti wa vifaa, yaani faili linaloieleza keneli bodi ina nini na kila kitu kiko wapi, hauandiki namba hizo kamili. Huandika fungu, kisha nafasi ndani ya fungu, kisha aina ya ishara. Kwa hiyo anayetafuta 125 ndani ya mti wa vifaa hataiona kamwe. Inabidi atoe 32, apate 93, kisha akumbuke kwamba faili likifumuliwa kwa programu ya dtc namba zake hutoka kwa mfumo wa kumi na sita. Atakachokikuta ni 0x5d. Asiyeifanya hesabu hii atahitimisha kwamba Xen inalalamikia kifaa kisichokuwepo, na kuanzia hapo kila dhana yake itakuwa potofu.

Tukilifuata hilo 0x5d tunafika kwenye sehemu ya chipu iitwayo AUX. Humo mna vifaa vitatu: UART ndogo, na vidhibiti viwili vya basi la SPI, cha kwanza na cha pili. Vyote vitatu hutoa ishara zao kwenye waya mmoja, ule wa 93, na ndani ya AUX kuna rejista yenye biti tatu inayoeleza ni nani kati yao aliyeita. Kwa desturi ya Raspberry Pi 4, UART ya PL011 hutumikia Bluetooth, na hiyo ndogo ndiyo inayobaki kwenye pini kama konsoli. Xen nayo inahitaji konsoli kabla ya kitu kingine chochote, basi inaishika UART ndogo na kusajili katizo lake. Baadaye, inapomjengea Dom0 ulimwengu wake, hupita kwenye mti wa vifaa nodi kwa nodi na kumkabidhi kila kifaa ambacho yenyewe haikitumii. Nodi ya UART inarukwa kwa sababu Xen inajua imeichukua. Nodi ya SPI ya kwanza, katika Xen isiyo na marekebisho ya 2019, hairukwi, kwa kuwa kwa mujibu wa karatasi ni kifaa kingine kabisa. Xen inajaribu kumpa Dom0 katizo lake, inakuta ni lile lile la konsoli, na inasimama.

Sasa angalia ushahidi unaoonyesha kwamba kushiriki namba peke yake si kosa. Katika chipu hiyo hiyo, SPI 0, 3, 4, 5 na 6 zote zinatumia laini moja, ya 118. Vidhibiti vya I2C navyo vinashiriki laini ya 117. Hawa ni ndugu wengi zaidi kuliko watatu wa AUX, na bado Xen inawaka bila kunung'unika juu yao. Tofauti ni moja tu: wote hao wanaangukia mikononi mwa Dom0. Msimbo wa Xen unaoelekeza makatizo kwa wageni uko wazi katika hili. Laini ikiwa tayari ni ya mgeni yule yule, na namba ya kubuni anayoiona haijabadilika, Xen inaridhika na kuendelea. Ikiwa ni ya mgeni mwingine, inakataa. Ikiwa ni ya Xen yenyewe, inakataa pia. Mti wa vifaa ni ramani ya upimaji inayoonyesha viwanja bila kutaja wenye hati, na Xen ndiyo ofisi ya ardhi inayogundua kwamba kiwanja kimoja kinakaribia kutolewa mara mbili.

Hapa huja pingamizi lenye uzito. Linux imeshiriki makatizo kwa miaka mingi: draiva mbili hujisajili kwenye laini moja, katizo likija kila moja huulizwa kama kifaa chake ndicho kilichoita, na kazi inaendelea. Kwa nini Xen isifanye hivyo hivyo? Kwa sababu mpango wa Linux umesimama juu ya sharti ambalo huku halipo, kwamba draiva zote zinaishi ndani ya keneli moja na zinaaminiana. Makatizo ya AUX ni ya kiwango, si ya mruko. Waya hubaki juu mpaka kifaa kilichoita kihudumiwe. Xen inapopokea katizo la mgeni, hushusha kipaumbele chake ili makatizo mengine yapite, lakini hailizimi. Huliacha likiwa hai, ikaliandika kwenye rejista ya orodha ya GIC kwa namna inayofungamanisha katizo la kubuni na lile la kweli, ili mgeni akimaliza ndipo GIC ilizime moja kwa moja. Mpangilio huu una faida kubwa ya kasi, kwani haipavaiza haihitaji kuitwa tena mgeni anapomaliza. Lakini muda wote huo laini haiwezi kuita upya. Fikiria basi konsoli ya Xen ikiwa kwenye laini hiyo: herufi inayochapwa na msimamizi ingesubiri mpaka draiva ya SPI ndani ya Dom0 itakapomaliza, na kama Dom0 imekwama, isingefika kamwe. Konsoli ya haipavaiza ina thamani kubwa zaidi pale mgeni anapokwama. Kuishirikisha na mgeni ni kuiondolea kazi yake kuu.

Mtu anaweza kujibu kwamba Xen ingeweza kuacha ufungamanishaji huo kwa laini zinazoshirikiwa, ikaziba katizo yenyewe, ikasoma biti tatu za AUX, kisha ikagawa. Kwa ufundi inawezekana. Ila ingebidi haipavaiza ibebe draiva ya kila kizuizi cha aina hii katika kila chipu sokoni, na nguvu yote ya Xen imejengwa juu ya kutokuwa na draiva ila chache isizoweza kuishi bila hizo. Gharama hiyo naiona haina uwiano na kinachopatikana.

Pingamizi la pili ni la vitendo zaidi: basi konsoli ya Xen isitumie katizo, ichungulie rejista mara kwa mara, laini iachiwe Dom0. Hili linaondoa ujumbe wa kosa bila kuondoa tatizo. UART ndogo iko kwenye anwani 0xfe215040, SPI ya kwanza 0xfe215080, ya pili 0xfe2150c0, na rejista inayowasha au kuzima kila mmoja wao iko 0xfe215004. Prosesa hulinda kumbukumbu kwa kurasa, na ukurasa mdogo kuliko wote hapa ni wa kilobaiti 4. Wote wanne wamo ndani ya ukurasa mmoja. Ukimfungulia Dom0 ukurasa huo ili aiendeshe SPI, umempa pia uwezo wa kuandika kwenye rejista za UART ya Xen, na biti moja tu ikifutwa kwenye ile rejista ya kuwasha, konsoli inakufa. Katizo lililogongana lilikuwa dalili ya mapema ya mwingiliano mpana zaidi, na naona ni bahati kwamba Xen hulikagua kabla mgeni hajaanza kufanya kazi. Kukosea wakati wa kuwaka kunaonekana. Kukosea ukurasani huibuka wiki kadhaa baadaye kama konsoli iliyonyamaza bila sababu.

Waliotia msaada wa Raspberry Pi 4 ndani ya Xen mwaka 2019 walichagua njia ya umiliki. Katika faili la jukwaa la bodi hiyo kuna orodha ya vifaa ambavyo Dom0 hapewi, na SPI mbili za AUX zimo, kwa sababu iliyoandikwa pale pale: zinashiriki katizo na ukurasa na UART. Ni mistari michache tu. Bei yake ni halisi, kwani anayetaka SPI ya ziada kwenye pini za bodi hataipata kupitia AUX, lakini ni bei inayojulikana mapema, na SPI 0 ipo na inafanya kazi. Mwenye Xen isiyo na orodha hiyo, asiyetaka kugusa msimbo wake, anaweza kufika hapo hapo kwa kuzifuta nodi hizo kwenye mti wa vifaa kabla ya kuwasha. Njia ya kuhamisha konsoli kwenye PL011 nayo hupendekezwa sana, na inafaa kwa asiyehitaji Bluetooth, ila isichukuliwe kuwa imekwepa mtego. UART 0 na UART 2 hadi 5 zote ziko kwenye laini ya 121, ambayo Xen itaiita 153, na zote ziko ndani ya ukurasa unaoanzia 0xfe201000. Siku Dom0 atakapotaka UART 3 kwa ajili ya kihisi fulani, mgogoro ule ule utarudi kwa namba mpya.

Inafaa kulinganisha na haipavaiza nyingine. KVM haina ugomvi huu wakati wa kuwaka, kwa sababu keneli ya Linux yenyewe ndiyo mwenyeji na inabaki na draiva zake zote. Hakuna wawili wanaogombea. Jailhouse inakwenda upande wa pili: kila seli huandikiwa katika usanidi wake biti za makatizo inayomiliki, moja moja, na hata vipande vilivyo vidogo kuliko ukurasa vinaweza kutajwa kwa anwani. Xen iko katikati, ikikisia umiliki kutokana na mti wa vifaa, na ni katika makisio hayo ndipo bodi kama hii huikwaza.

Si kila ujumbe unaotaja katizo ni wa mgogoro. Xen huandika pia kwamba katizo fulani halijaunganishwa na kidhibiti kikuu, kwa mfano likiwa limepitia GPIO. Hilo huliruka na kuendelea, na kulihangaikia ni kupoteza siku. Kuna vilevile kukataliwa kwa sababu ya aina: nodi mbili zikitaja laini moja, moja ikisema ishara ni ya kiwango na nyingine ikisema ni ya mruko, Xen hukubali ya kwanza na kuikataa ya pili. Hapo kosa ni la mwandishi wa mti wa vifaa, na marekebisho ni namba moja. Kuzitenganisha aina hizi kunahitaji kuona ujumbe wote, na jumbe zinazohusu wageni huchujwa au kuwekewa kikomo kwa kawaida, kwa hiyo guest_loglvl=all iwekwe kwenye mstari wa amri wa Xen kabla ya uchunguzi wowote.

Ule mtazamo wa umiliki unazaa matunda zaidi baada ya bodi kuwaka, pale mtu anapotaka kumkabidhi mgeni wa pili kifaa cha kweli. Laini ya 118, iliyokuwa tulivu muda wote, inageuka kuwa tatizo mara tu SPI 3 inapotolewa kwa mgeni huyo huku SPI 0 ikibaki kwa Dom0. Safari hii Xen itasema katizo 150 ni la mgeni namba 0, na itakataa kwa sababu zile zile. Anayepanga mgawanyo wa vifaa aanze basi kwa kuchora jedwali la laini na kurasa, si la vifaa. Katika jedwali hilo kadi ya mtandao ya bodi, GENET, inaonekana tofauti na wenzake: ina laini mbili za peke yake, 157 na 158, na kurasa zake huanzia 0xfd580000 bila jirani. Kwa upande wa makatizo inaweza kuhamia kwa mgeni bila kumgusa mwingine. Kinachobaki kushughulikiwa ni kwamba chipu hii haina kitengo cha kuchuja kumbukumbu kati ya kadi hiyo na RAM, kwa hiyo mgeni atakayepewa lazima anwani zake za kumbukumbu zilingane na zile za kweli, na lazima aaminiwe.