Hagen Alijuaje?

Götterdämmerung, opera ya Wagner ya 1876 iliyotoka kwenye hekaya za Skandinavia na Ujerumani, nimeipata kwa vitabu vya mtumba karibu na Nyayo Highrise, ikiwa imefupishwa kwa ajili ya watoto. Lakini wamekata moyo wake. Kwa Wagner, ni Brünnhilde anayemwambia Hagen kwamba mgongo wa Siegfried haukukingwa. Hapa Hagen anachoma tu. Mpwa wangu akauliza, "Alijuaje?" Swali fiti! Anamjua Lwanda Magere: siri ya kivuli ilitoka kwa mkewe. Fumo Liyongo naye aliuawa na mwanawe, sindano ya shaba kitovuni, na watoto husimuliwa hivyo hivyo. Sasa huyu mwandishi alikuwa anamficha nani? Picha za ule moto wa mwisho, lakini, ni kali kweli. Kwa hizo kitabu kinabaki kwetu.